Alikuambia Nini Mke Wangu?

Sehemu ya sita

Mlango tuliouacha nusu wazi wiki jana bado uko nusu wazi. Mzee Mkasi amesimama pale pale kizingitini, kofia kaibana kwapani, barua kaishika kwa vidole viwili kama anaogopa itachafuka. Swali lake limeshatoka na halirudi.

"Mwanangu, alikuambia nini mke wangu?"

Dada Kalamu alikuwa na chai kinywani. Akaimeza na moto wake.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikueleze. Mzee Mkasi ni mkata vitambaa wa kiwanda cha sare, miaka thelathini na mmoja kwenye meza moja. Mkewe, aliyeshona kola hapo hapo mpaka maradhi yakamtoa, amezikwa wiki mbili zilizopita. Dada Kalamu ni mkuu wa ofisi ya utumishi, na jina hilo alipewa na wafanyakazi. Ukifiwa, ukijifungua, ukivunjika mguu, ulikuwa unapata kwake karatasi ya mistari, wino wa buluu, na maneno ambayo unajua kabisa ni yako peke yako.

Ulikuwa unapata. Tangu mwaka jana barua hizo anaziandika Katibu.

Katibu si mtu. Ni programu ya kompyuta inayojitungia maneno. Kiwanda kilipotoka watu sitini kikafika mia nne, Mkurugenzi alisema kalamu moja haitoshi. Dada Kalamu akatoa maboksi ya nakala zake za miaka kumi na miwili, barua mia tatu na kitu, Katibu akalishwa zote, naye akajifunza kusema kama yeye. Anajibu ujumbe, anapongeza, anatoa pole, anatia na sahihi. Watu walipouliza mbona siku hizi barua zinatoka zimechapwa, Dada Kalamu akasema mkono unamuuma. Wakampa pole. Mmoja akamletea mafuta ya kuchulia.

Mafuta yale yako kwenye droo yake mpaka leo. Hajayafungua.

"Kaa, mzee," akasema.

"Sikai. Nimeomba ruhusa ya dakika kumi." Mzee Mkasi akasogea mezani. "Mke wangu aliniambia, siku tatu kabla hajaondoka, nikiwa nimetoka kazini. Akasema leo amekuja mtu wa kiwandani, amekaa na mimi. Lililokuwa moyoni nimemwambia yeye, utalipata kwake. Nikamuuliza, mtu gani? Akawa amechoka, akalala. Sikumuuliza tena. Kisha ikaja barua yako, nikajua."

"Barua yangu."

"Hii. Hapa inapotaja kitanda."

Akaiweka mbele yake. Na hapo, msomaji wangu, ndipo Dada Kalamu aliposoma kwa mara ya kwanza barua yenye sahihi yake.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomchoma. *Baba yangu, nilipokaa kando ya kitanda cha mama tukazungumza, niliona mtu asiye na hofu. Mkono wake ulikuwa wa moto ndani ya mkono wangu.*

Hakukaa kando ya kitanda chochote. Hospitali yenyewe hakujua ni ipi.

Lakini alijua sentensi ile ilikotoka. Zamani, kila alipoandika barua ya msiba, alikuwa ameshakwenda. Alikuwa anakaa kitandani kwa mgonjwa, anasikiliza, anarudi nyumbani, ndipo anashika kalamu. Kwa hiyo barua zake zote za rambirambi zilikuwa na kitanda. Katibu akaona kitanda mara ya kwanza, mara ya kumi, mara ya themanini, akahitimisha kwamba barua ya msiba ni lazima iwe na kitanda. Hakuna aliyemwambia kwamba kabla ya kitanda kuna kwenda.

"Mwanangu?"

Alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa pana kama mlango ule. Akamtazama mzee, macho mekundu, shati limefungwa kifungo cha juu mpaka shingoni kama la mtoto anayekwenda kupigwa picha.

"Alisema upumzike," akasikia mdomo wake ukisema.

"Nipumzike?"

"Alisema umefanya kazi ya kutosha. Yaliyopita uyaache."

"Alisema yaliyopita?"

"Ndiyo."

"Kwa hasira au kwa upole?"

"Kwa upole."

"Alitabasamu?"

"Kidogo."

Kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia, na kila moja lilikuwa zito zaidi kulitoa. Mzee Mkasi akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo. Akaushika mkono wa Dada Kalamu kwa mikono yake miwili. Chaki ya kuchorea vitambaa ikabaki vidoleni mwa Dada Kalamu, nyeupe.

"Basi nimepata," akasema. "Binti yangu tangu siku ya msiba ananiita nikaishi kwake. Mji wa mbali, siku mbili njiani. Nikamwambia siondoki mpaka nijue mama yako ameacha neno gani. Kumbe ni hilo. Leo kengele ya saa saba ikilia, nakabidhi mkasi."

"Leo? Si lazima iwe leo, mzee."

"Nimengoja wiki mbili sijui niende au nibaki. Usiniambie ningoje tena."

Akavaa kofia, akatoka. Kwenye ngazi alisikika akipiga mluzi.

Dada Kalamu akaifungua kompyuta kwa vidole vyake vya chaki. Kumbukumbu za Katibu zilikuwa zimepangwa vizuri. *Taarifa ya kifo imepokelewa: saa mbili na dakika kumi na tatu asubuhi. Barua imetumwa: saa mbili na dakika kumi na nne.*

Dakika moja. Kwa mke wa mtu.

Akajaribu kukumbuka dakika ile yeye alikuwa wapi. Akakumbuka. Alikuwa juu ya kiti, anatundika ukutani cheti alichopewa na Mkurugenzi, cha mawasiliano bora kazini. Kilikuwa kinakaa upande, akawa anakinyoosha.

"Hongera."

Mkurugenzi alikuwa ameingia bila kubisha. Huyu ni mtu asiyekaa kwenye kiti cha mtu, mikono ya shati imekunjwa mara mbili, kila mkunjo sawa na mwenzake.

"Hongera ya nini, bosi?"

"Mzee wa mkasi. Amenipita kwenye ngazi, ananiambia anaacha kazi leo, na anacheka. Miaka yote sijamwona akicheka. Umefanyaje?"

"Nimemdanganya."

"Sema vizuri."

Akamweleza, kitanda na tabasamu na upole. Mkurugenzi alisikiliza huku anatazama saa.

"Sikiliza," akasema. "Mashine ya kukatia inafika mwezi ujao. Nilikuwa silali, nawaza nitamwambiaje. Sasa amejiondokea mwenyewe na roho yake safi. Mwambie Katibu atunge ya kumuaga. Isiwe kavu, aweke machozi kidogo."

"Nataka kushuka nikamwambie kweli."

"Mwambie." Akanyoosha mkunjo wa mkono wa kushoto. "Lakini ukimwambia mmoja umewaambia mia nne. Kesho kila mtu atakuja na barua yake, akuulize hii uliandika wewe au yule? Na mimi nitaulizwa huko juu, kwa nini nalipa mshahara wa mtu ambaye kazi yake inafanywa na kompyuta. Nitajibu nini?"

Mkurugenzi akangoja kidogo, kwa adabu, akaondoka.

Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu.

Nisikufiche, msomaji wangu. Hakuinuka mara moja. Alikaa. Alifuta chaki vidoleni kwa kitambaa cha mezani, kidole kimoja kimoja. Alifungua ukurasa wa Katibu, akaandika, *Mkata vitambaa anastaafu*, na kabla hajainua mkono barua ilikuwa tayari imetoka, ina machozi kidogo kama ilivyoagizwa. Ilisema, *Sitaisahau siku ile kando ya kitanda.*

Hapo ndipo aliposimama. Akashuka ngazi ishirini na mbili bila kushika ukuta.

Chumba cha ushonaji kilikuwa kama kawaida yake: safu nane za cherehani, vumbi la pamba hewani, mvuke wa pasi kule mwisho. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa Mama Vifungo, mwanamke mnene mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake.

"Dada Kalamu mwenyewe," akasema bila kuinua macho kwenye kifungo. "Kwa miguu yako. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Maana siku hizi tunakupata kwenye karatasi tu. Mkono umepona?"

Dada Kalamu akapita. Nyuma yake alisikia mtu akicheka, na mwingine akimwambia mwenzake nyamaza.

Kwenye meza ya kukatia palikuwa na watu sita wamepanga foleni kumpa Mzee Mkasi mkono. Mkasi wake mkubwa alikuwa ameshaupaka mafuta na kuuviringisha kwenye kipande cha flana, anautia kamba. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

"Mzee, usifunge."

"Naam?"

"Usifunge huo mkasi. Nina neno." Akageuka. "Naomba mzime cherehani. Zote."

Zikazimwa moja baada ya nyingine, safu kwa safu. Hata wale wa mwisho waliokuwa hawasikii walizima walipoona wenzao wamezima.

"Mzee," akasema, "sikwenda hospitali. Sikukaa na mama. Hakuniambia upumzike, hakuniambia yaliyopita, hakutabasamu. Ile barua sikuiandika mimi. Imeandikwa na kompyuta ofisini kwangu, na mimi niliisoma leo, ulipoiweka mezani."

Mzee Mkasi aliendelea kushika kamba. Ilikuwa imezunguka mkasi mara mbili.

"Sahihi ni yako," akasema polepole.

"Sahihi nayo inatiwa na kompyuta."

"Niliisoma mbele ya ukoo mzima. Shemeji zangu walilia."

"Najua, mzee."

"Hujui. Hukuwepo."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu.

Mama Vifungo alikuwa ameinuka, sindano bado imechomekwa begani kwenye gauni. "Ngoja kwanza. Ile ya mjukuu wangu alipozaliwa, uliyosema ana bahati ya kupata bibi mwenye mdomo?"

"Ni kompyuta, mama."

"Tuliicheka nyumba nzima." Akafikiri. "Na nilipovunjika mkono?"

"Ile ni yangu. Nilikuja kwako. Ulinifukuza, ukasema nimekuja kuhakikisha kama kweli umevunjika."

"Ni kweli nilisema." Akakaa. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Na huo mkono wako hauumi."

"Hauumi. Haujawahi kuuma."

Kijana wa safu ya tatu akatoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mwingine akauliza ile ya harusi yake je. Mwingine, ile ya mama yake. Maswali yakaanza kutoka kila upande, na Dada Kalamu akayajibu yote, amesimama pale pale: si mimi, si mimi, ile ni mimi, si mimi. Kila alipotaka kutazama chini, alijikaza, akamtazama aliyeuliza.

Mzee Mkasi akapiga meza kwa kiganja. Mara moja tu.

"Barua zenu baadaye," akasema. "Mimi nina shida yangu. Mke wangu hakuwa mwongo. Alisema mtu wa kiwandani alikuja, akakaa naye. Kama si huyu, basi kuna mwingine humu ndani ana neno langu. Wiki mbili ananiona napita naye ananyamaza. Ni nani?"

Watu walianza kutazamana, kisha taratibu, bila kupangana, wakawa wanatazama upande mmoja.

Kule mwisho kwenye mvuke, pasi ikasimamishwa wima.

Aliyeisimamisha ni mpiga pasi wa kiwanda, mtu mwembamba, kimya. Ni mdogo wake Mzee Mkasi, baba mmoja mama mmoja. Waligombana juu ya nyumba waliyoachiwa na wazazi wao, na kuanzia siku hiyo ni miaka kumi na mmoja hawajasalimiana. Kitambaa kikitoka mezani kwa kaka kwenda kwa mdogo, lazima mtu wa tatu akibebe. Hata msibani, mdogo alichimba kaburi upande ule, kaka akasimama upande huu.

Alikuja kati ya safu za cherehani anafuta jasho kwa mkono wa shati. Akasimama hatua tatu kutoka mezani.

"Ni mimi, kaka."

Mzee Mkasi akatazama ukuta.

"Shemeji aliniita mimi kwa sababu alimkosa aliyemtaka," mpiga pasi akasema. "Alijua ungesikia jina langu ungeziba masikio. Ndiyo maana akakwambia mtu wa kiwandani, akaishia hapo."

"Alimtaka nani?" Mama Vifungo akauliza, kwa kuwa aliyepaswa kuuliza alikuwa anatazama ukuta.

Mpiga pasi akatoa simu mfukoni. Ilikuwa simu ndogo, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Mzee Mkasi akaitambua kuwa ni ya mkewe, maana alishtuka kabla haijafunguliwa.

"Alinikabidhi akasema niitunze. Shemeji hakujua kuandika, mnajua wote. Akamwomba muuguzi amwandikie ujumbe, akautuma ofisi ya utumishi." Akasoma, anasogeza simu mbali na macho. "*Mimi niliyekuwa nashona kola. Naumwa sana. Dada Kalamu, naomba uje na kalamu yako uniandikie barua ya mume wangu. Kuna jambo sitaki nife nalo.*"

Dada Kalamu akashika ukingo wa meza.

"Akajibiwa," mpiga pasi akaendelea. "Akajibiwa pale pale, muuguzi hata hajaiweka simu chini. *Nimekupata, mama yangu. Kesho nitakuja. Usijali, tutaandika pamoja.* Mwisho jina lako, dada."

"Sikuuona," akasema. Sauti yake haikufika mbali. "Sikuuona huo ujumbe kamwe."

"Naamini hukuuona. Lakini yeye aliuona. Alivaa kilemba kipya, akaomba aletewe kiti cha mgeni. Siku ile hukuja. Akasema, kesho yenyewe labda alikuwa na maana ya leo. Akangoja tena. Siku ya tatu ndipo akasema niitwe mimi."

Kengele ya saa saba ikalia. Ililia kama dakika nzima, na hakuna aliyeinuka kwenda kula.

Dada Kalamu alitamani mtu amtukane. Alimtazama Mama Vifungo, ambaye hakosi la kusema, naye alikuwa anachezea uzi kwenye kidole, anauzungusha, anaufungua.

"Ulisikia ile barua ikisomwa msibani," Mzee Mkasi akasema. Alikuwa bado anatazama ukuta, lakini aliyesemeshwa kila mtu alimjua. Yalikuwa maneno ya kwanza kwa mdogo wake baada ya miaka kumi na mmoja.

"Nilisikia."

"Ukajua ni uongo."

"Nilijua, kaka. Nikakuona unaikunja unaitia mfukoni. Nikasema, kama inamsaidia kulala, basi mimi ni nani nimwamshe."

Mvuke ukapiga mluzi kwenye pasi iliyoachwa.

Mpiga pasi akatia tena mkono mfukoni. Safari hii alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, pande zake zimechakaa kwa kubebwa.

"Aliyotaka yaandikwe niliandika mimi, kwa mwandiko wangu mbaya. Kila neno ni lake. Nilimsomea mara mbili, akatia dole gumba kwa wino." Akaunyoosha mkono juu ya meza ya kukatia, juu ya vitambaa vilivyochorwa chaki. "Hii hapa."

Mkono ukabaki hewani. Mzee Mkasi hakuwahi kupokea kitu kutoka mkono ule tangu ugomvi, hata kijiti cha kiberiti. Vidole vyake vikafunguka, vikajifunga. Mwisho akageuka, akautazama mkono wa mdogo wake, kisha akamtazama Dada Kalamu.

"Chukua wewe," akasema.

"Mzee, mimi sistahili hata kuigusa."

"Hustahili. Lakini ni wewe mke wangu aliyekungoja siku tatu na kilemba kipya." Akavuta kiti cha kukatia, akakaa, mikono magotini. "Simama hapo hapo, usome kwa mdomo wako, wote wasikie. Na kama umetajwa humo ndani, usiruke."

Dada Kalamu akaipokea. Ilikuwa na joto la mfuko wa mtu. Akakunjua mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kabla ya mkunjo wa mwisho aliona, chini kabisa ya ukurasa, alama mbili za dole gumba. Moja ilikuwa ya marehemu.

Ya pili ilikuwa kubwa, ya mwanamume, ambayo mpiga pasi hakuitaja, naye alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.